Barua ya wazi kwa Wizara ya Afya: kabla hamjatuongezea kidonge cha presha, tushikeni shingo

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Katibu Mkuu, Mganga Mkuu wa Serikali, waganga wakuu wa mikoa na wilaya, na nyie ndugu zetu mnaokaa kwenye vikao vya bima mkiamua kipimo gani kilipiwe na kipi mgonjwa ajitegemee.

Shikamooni wakubwa. Najua barua mnapokea nyingi na karibu zote ni malalamiko, hii nayo malalamiko yamo ila ombi lake ni moja na naliweka hapa juu kabisa ili hata anayesoma juu juu asilikose: mgonjwa wa presha ambaye namba zake hazitulii, leo juu kesho chini, dawa zinabadilishwa na bado, apimwe tezi ya shingo kabla hajaongezewa kidonge kingine, na hicho kipimo kipatikane hospitali ya wilaya, sio mtu apande basi mpaka mkoani. Basi. Mengine yote huko chini ni maelezo ya kwa nini.

Mi ni mama wa makamo, nina duka dogo, naishi huku nyanda za juu kusini ambako mwezi wa sita asubuhi mtu anavaa sweta na koti juu yake. Sweta nimelitaja makusudi. Kliniki ya presha unafika asubuhi umepandisha kilima kwa miguu kutoka stendi, benchi limejaa mmebanana bega kwa bega, jina likiitwa unaingia unakalia stuli isiyo na mgongo, mkanda unafungwa juu ya sweta, nesi anakuuliza dawa zimebaki ngapi na wewe unamjibu huku mashine inavuma, inatoka 168 kwa 102, inaandikwa kwenye daftari, mwingine aje. Sasa nendeni mkasome miongozo yenu wenyewe inasemaje: mtu akae ametulia dakika 5, mgongo umeegemea, miguu isipishane, mkono usawa wa moyo, asiongee, awe ametoka kukojoa, na mkanda ukae kwenye ngozi tena uwe saizi ya mkono wake. Huyo nesi simlaumu hata kidogo, yuko peke yake na watu wamejaa mpaka nje. Ila hiyo ndo sababu ya kwanza ya presha "isiyoeleweka", nusu ya mambo yasiyoeleweka yanaanzia pale mezani, na kuyaondoa haihitaji mfadhili wala mradi, inahitaji kiti chenye mgongo na kona moja tulivu.

Kuna sababu nyingine pia ambazo hakuna anayetuuliza. Diklofenaki za maumivu ya mgongo tunazonunua dukani tunameza kila siku, zinapandisha presha. Vidonge vya uzazi wa mpango kwa baadhi ya wanawake vinapandisha. Zile dawa za kunenepesha zinazouzwa kwa siri, ambazo nyingi ukichunguza ndani ni steroidi, zinapandisha tena vibaya. Na kubwa kuliko zote ni dawa kuisha, umekunywa mwezi mmoja vizuri, mwezi unaofuata dirishani unaambiwa hamna kanunue, hela hakuna, presha inaruka, ukirudi unaandikiwa kwamba dawa haikufai na unabadilishiwa. Haya yote nayajua na sitaki mtu aje aseme huyu mama anadhani kila presha ni tezi.

Maana sio kila presha ni tezi, nasema wazi. Wagonjwa wengi wa presha hawana ugonjwa mwingine uliojificha nyuma yake. Wale ambao presha yao inatokana na kitu kingine ni wachache, wataalamu husema kama mmoja kati ya kumi hivi, na hapo figo ndo ziko mbele. Halafu zipo zile tezi ndogo zinazokaa juu ya figo, zenyewe zikiota uvimbe presha inalipuka ghafla na kichwa kuuma, jasho na moyo kwenda mbio, halafu inashuka kama hakuna kilichotokea. Tezi ya shingo ni sehemu tu ya hao wachache. Lakini jamani, nchi ambayo utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana presha, hao "wachache" ukiwahesabu ni umati. Na hawa tofauti na wengine wanatibika mpaka presha yenyewe inatulia, wengine wanaacha kabisa vidonge vya presha. Ndo maana inauma mtu akizunguka miaka na vidonge vya presha, mara amlodipini, mara losatani, mara ya maji, wakati tatizo lipo shingoni linaonekana kwa macho.

Langu lilikuwa hivi. Moyo ulikuwa unapiga usiku nimelala mpaka nauhisi kwenye mto, nakula sana nakonda, natoka jasho wakati wateja dukani wamejifunika mashuka ya kimasai, mikono inatetemeka nikihesabu chenji, na presha ya juu inapanda wakati ya chini iko chini, 165 kwa 60, 170 kwa 58, hivyo. Mtaani walishamaliza: wengine walisema ni ule ugonjwa, wengine nimetupiwa jini na mke wa mtu, kanisani wakasema mawazo. Hospitali niliambiwa ni umri, hedhi inakatika, na punguza chumvi. Kidonge kikaongezwa. Kikaongezwa tena.

Aliyejua ni daktari kijana aliyekuja kwa mafunzo, hata ofisi hakuwa nayo. Hakuanza na mashine. Aliniambia nyoosha mikono mbele tanua vidole, akachukua karatasi ya kawaida akailaza juu ya vidole vyangu, ile karatasi ikawa inatetemeka tunaiangalia wote wawili. Akaja nyuma yangu, akaweka vidole shingoni taratibu, akasema mama meza mate. Nikameza. Akasema meza tena. Halafu akaniangalia macho, akaniuliza kama kwetu kuna mtu mwenye rovu, ule uvimbe wa tezi shingoni, nikamwambia bibi alikuwa nalo kubwa, shangazi pia, nani huku hana bibi mwenye rovu? Ilichukua muda gani, dakika tano labda. Kwa karatasi na vidole tu, waheshimiwa. Kwenye kliniki zote nilizopita kabla ya pale hakuna aliyewahi kunigusa shingo.

Shida ikaanzia hapo kwenye kipimo. Hospitali niliyokuwa ninatibiwa hawapimi homoni, mashine hakuna. Sehemu ya pili mashine ipo vitendanishi vimeisha, na hiyo kauli "vitendanishi vimeisha" nadhani kila Mtanzania aliyewahi kuumwa anaijua kwa sauti yake. Nikaishia maabara binafsi mjini, nauli, na bei ya kipimo chenyewe ambayo kwa hapa dukani kwangu ni chakula cha nyumba nzima kwa wiki. Na sio kipimo cha mara moja! Hili nawaomba watu wa bajeti mlielewe vizuri kwa sababu ndo moyo wa barua hii.

Tezi inatengeneza homoni zinazoendesha mwili, moyo, joto, choo, usingizi, hedhi. Kichwani kuna tezi nyingine inayoisimamia, inatuma homoni inayoitwa TSH, ni kama bosi na kibarua, kibarua akizembea bosi anapaza sauti na kibarua akizidisha bosi anakaa kimya. Kwa hiyo TSH ikiwa chini sana tezi inafanya kazi kupita kiasi, ikiwa juu tezi imelala. Kipimo hicho kimoja cha damu kinakuonyesha wapi pa kuanzia. Na presha nayo inafuata: tezi ikizidisha, moyo unasukuma kwa nguvu na mbio, namba ya juu inapanda ya chini inashuka, zinaachana mbali. Tezi ikilala, mishipa inakaza, na mara nyingi ni ile namba ya chini inayopanda, 140 kwa 100, 138 kwa 104, mtu anavimba uso, anasikia baridi, anachoka, choo kigumu, lehemu kwenye damu inapanda. Yaani hata kabla ya maabara, daftari la mgonjwa lenyewe linasema kitu kama kuna anayelisoma, namba mbili zile zimekaaje kwa pamoja, sio kuangalia ya juu tu na kuandika dozi.

Mi nimeziona pande zote mbili. Nilianzishiwa kabimazoli ya kupunguza kazi ya tezi na propranololi ya kutuliza mapigo, moyo ukatulia, nikanenepa, nikamshukuru Mungu. Kabimazoli inatakiwa upimwe tena baada ya wiki chache na dozi ipunguzwe kufuatana na majibu. Nikapimwe wapi? Nikaendelea kumeza dozi ile ile ya mwanzo kwa sababu kipimo kiko mbali, tezi ikakandamizwa ikalala kabisa, presha ya chini ikaanza kupanda, na pale kliniki nilipokwenda wakaona presha imerudi wakataka kuniongezea amlodipini! Hapo sasa ndo utajua kwamba presha ya kupanda na kushuka isiyoeleweka sometimes haieleweki kwa sababu hatujapewa kitu cha kuielewa nacho.

Na kuna la hatari zaidi ambalo nalisema kwa herufi zote. Hii kabimazoli mara chache sana inaweza kuua chembe nyeupe za damu, dalili yake ni koo kuuma na homa, ukiona hivyo unaacha dawa siku hiyo hiyo unakwenda kupima damu. Imeandikwa kwenye karatasi iliyomo ndani ya boksi. Ila sisi huku boksi hatulioni, dawa tunamiminiwa kwenye kibahasha cha kaki kimeandikwa 1x2 kwa kalamu, kwisha. Mtu anaumwa koo anaenda duka la dawa ananunua amoksilini anaendelea na kabimazoli yake. Kuchapa kikaratasi cha Kiswahili cha mistari minne kigundishwe kwenye kile kibahasha ni shilingi ngapi?

Kwa wenzangu ambao tezi yao imelala, dawa yao ni levothairoksini, ipo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu miaka na miaka, sio dawa ya anasa. Wengi wataimeza maisha yao yote. Sasa mtu wa maisha yote anaambiwa dirishani ya mikrogramu 50 imeisha ipo ya 100 kata katikati, kidonge chenyewe kidogo kinavunjika vipande vitatu, leo amekunywa zaidi kesho pungufu. Halafu haipendi joto wala mwanga, inatakiwa isizidi nyuzi 25, na mnajua wenyewe maduka yetu ya mikoa ya joto bati juu, kabati la kioo linaangaliana na jua. Na inamezwa tumbo tupu kwa maji, nusu saa mpaka saa nzima kabla ya chai, isikutane na vidonge vya damu wala vya kalsiamu, iachane navyo masaa 4. Mjamzito mwenye tezi anapewa fefo, ndo vidonge vya damu, kliniki na anaambiwa meza, hakuna anayemwambia usimeze pamoja na ile ya tezi, anameza vyote kwa mkupuo asubuhi, dawa inafyonzwa kidogo, wakati mimba ndo inahitaji homoni nyingi zaidi kwa ajili ya ubongo wa mtoto. Na presha ya mjamzito nyie ndo mnaijua kuliko mimi, kifafa cha mimba kinavyotuondolea dada zetu.

Wanawake ndo tunaoumwa tezi zaidi, mara tano mpaka kumi ya wanaume. Kuna wanaopata baada ya kujifungua, miezi ya mwanzo moyo mbio na kukonda, baadaye inageuka uchovu na huzuni, mama mkwe anasema mvivu. Kliniki ya watoto yupo kila mwezi, mtoto anapimwa uzito, mama hakuna anayemuuliza kitu. Na watoto wanaozaliwa tezi yao haifanyi kazi nao wapo, nchi tajiri zilianza kuwapima kwa tone la damu ya kisigino tangu miaka ya 1970 kwa sababu akianza dawa wiki za mwanzo ubongo unaokoka, akichelewa basi. Hili ni barua yake peke yake, nalipita.

Ila la chumvi sitalipita. Huku kwetu milimani mvua imeosha madini joto, yaani iodini, kwenye udongo tangu enzi, ndo maana ya yale marovu ya mabibi zetu. Miaka ya 1980 serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto kwenye wilaya zilizoathirika sana, miaka ya 1990 zikaja kanuni za kuweka madini joto kwenye chumvi, na marovu makubwa kwa vijana yamepungua kweli, hilo tuwape heko waliofanya. Lakini nendeni gulioni leo. Chumvi ya mawe imemwagwa kwenye turubai juani, inapimwa kwa kopo, haina lebo haina kiwanda, na madini joto yakipigwa jua na unyevu yanapotea. Tafiti za kitaifa zimeshaonyesha Lindi na Mtwara, huko huko chumvi inakovunwa, kaya nyingi zinatumia isiyo na madini joto ya kutosha. Kale kachupa ka matone ya kupimia, chumvi inageuka zambarau kama yamo, zamani tulikuwa tunawaona mabwana afya nako, sa hivi wanakuja kuangalia leseni.

Na mgonjwa wa presha anachanganywa hapo. Nesi anamwambia acha chumvi kabisa, mwingine anamwambia tumia chumvi ya madini joto. Ukweli hazipingani: chumvi iwe kidogo, chini ya gramu 5 kwa siku ambayo ni kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote, na hicho kidogo kiwe na madini joto. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu za iodini kwa siku, mjamzito 250. Semeni hivyo redioni, sentensi moja, watu watawaelewa.

Na msije mkaruka upande wa pili mkajaza madini joto bila kupima. Miaka ya 1990 Zimbabwe na huko Kivu upande wa Kongo, chumvi ya madini joto ilipoingia kwa kasi, watu wazima waliokuwa na marovu ya vinundu ya muda mrefu wakaanza kupata tezi kuzidisha kazi, moyo mbio, kukonda, wengine walikufa kwa moyo. Haikuwa sababu ya kuacha chumvi hiyo, ilikuwa sababu ya kuipima kiwandani na kuwa na vipimo vya tezi hospitalini. Huku kwetu mabibi wenye vinundu bado wapo. Akija na presha ya kuruka na mapigo yasiyo na mpangilio msimpe amlodipini akalale, hayo mapigo yakivuruga yanatengeneza damu iliyoganda, inakwenda kichwani, anapooza.

Mtaniambia mashine za homoni ni ghali kuweka kila wilaya. Sawa, msiweke. Damu za kupima wingi wa virusi kwa wenye VVU mbona zinasafirishwa kutoka vituo vidogo mpaka maabara kubwa, pikipiki zipo, maboksi ya barafu yapo, fomu zipo, majibu yanarudi? Damu ya TSH ikishatenganishwa na kuwekwa kwenye ubaridi inakaa siku kadhaa bila kuharibika. Ipakieni humo humo. Mgonjwa atolewe damu wilayani, majibu yamfuate. Na bima, sasa kwa vile sheria ya bima ya afya kwa wote ilipitishwa 2023 na tunaambiwa kila mtu ataingia, muandike TSH kwenye kifurushi cha chini kabisa kwa mgonjwa wa presha isiyotulia, kwa aliyeguswa shingo ikaonekana imevimba, kwa aliyepata presha akiwa kijana, na kwa sisi ambao tayari tuko kwenye dawa. Sio kwa kila mtu, nimeshasema.

Mwisho nina moja la kuanzia, dogo. Kila tarehe 17 Mei huwa mnatutundikia mahema viwanjani mnatupima presha bure, ni siku ya presha duniani, tunapiga foleni tunapewa namba zetu kwenye kikaratasi tunaenda nyumbani. Tarehe 25 mwezi huo huo ni siku ya tezi duniani, hiyo sijawahi kuona hata bango. Mwaka huu kwenye mahema ya tarehe 17 wekeni meza ya pili, awepo mtu mmoja tu aliyefundishwa kushika shingo, na karatasi moja ya kulaza juu ya vidole. Watakaoonekana wana kitu waandikiwe rufaa yenye kipimo, na orodha yao iende kwa mganga mkuu wa wilaya ili tarehe 25 aseme wangapi wamepimwa na wangapi wameambiwa vitendanishi vimeisha.

Nasubiri majibu. Siku za kliniki napatikana pale benchi la nje, upande wa jua.

Mgonjwa wa tezi na presha,
Nyanda za Juu Kusini